Sabini ya Kocha

Kabla hujagusa chuma chochote kwake, Kocha alikuwa na swali moja: "Jana umekula nini?" Hakuuliza jina, wala umetoka wapi, wala umeletwa na nani. Ukijibu "chakula tu, Kocha," anakurudisha nyumbani ukakumbuke vizuri. Nimeona wanaume wazima, wapakia mizigo wa viwanda vya Nyakato, wamesimama pale mlangoni wamekunja nyuso, wanajitahidi kukumbuka kama jana mchana walikula maharage au walipitisha na chai na andazi.

Siku yangu ya kwanza nilijibu kwa ujeuri. Nilikuwa nimerudi Mwanza na shahada ya takwimu, sina kazi, na nina tabia ambayo mama huiita ugonjwa: nikiambiwa jambo lolote, nauliza nani kasema na kajuaje.

"Kwani nilichokula jana kina uhusiano gani na vyuma vya leo?"

Akanitazama kuanzia viatu kupanda juu. "Wewe umesoma."

"Kidogo."

"Fundi akija kujenga akakuta hakuna tofali, atajenga na nini? Na nyimbo?" Akawageukia wengine. "Mnamwona huyu? Huyu ni Chuo."

Tangu asubuhi hiyo nikawa Chuo. Sijui kama aliwahi kulijua jina langu. Na mimi, kwa miaka yote niliyokwenda pale, sikuwahi kulijua lake. Wengine walisema ni la Kisukuma na refu, wengine walisema hata mke wake anamwita Kocha. Namwandika hapa kwa sababu ya mdogo wangu Masanja, ambaye nusura aharibikiwe kwa ajili ya mwili, na kwa sababu bado sijaamua kama Kocha ndiye aliyemwokoa au ndiye aliyemponza. Labda ni yote mawili.

Jimu yake, kama ni haki kuiita jimu, ilikuwa banda la mabati pale Nyakato, nyuma ya karakana ya fundi wa kuchomelea aitwaye Lukas. Upande mmoja kulikuwa na jiwe kubwa, yale mawe yetu ya Mwanza ambayo mtu hujenga kwa kuyazunguka kwa kuwa hayahamishiki, nalo ndilo lililokuwa ukuta wa nne. Mabenchi yalichomelewa na Lukas. Vyuma vyenyewe havikuwa vyuma. Vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, yamechomekwa kwenye mabomba ya maji, na kila kopo na kila bomba limeandikwa uzito wake kwa rangi nyeupe: kumi, kumi na tano, ishirini. Kioo hakikuwepo. Kijana mmoja aliwahi kuleta kioo chake, Kocha akakigeuza kitazame ukutani.

"Kinakuonyesha ulivyo baada ya kubeba," alisema. "Mkono umejaa damu, umevimba. Huo si mkono wako, huo ni mkono wa mgeni. Kesho asubuhi utaondoka."

Yeye aliamini futi tu. Ilikuwa futi ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani, imechakaa mpaka tarakimu za mwanzo zimefutika, kwa hiyo alianzia kupimia kwenye kumi. Alipima watu mkono, juu ya kiwiko, kwa sentimita, mara mbili kwa mwaka, kila baada ya mbalamwezi sita, na sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa kwa huku kwetu. Vijana wake wengi walikuwa wavuvi wa dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa taa zao hazishindani nao, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hukaa nchi kavu. Ndipo wanapopatikana wote. Basi alfajiri ya mbalamwezi ya sita mnajipanga, hamjanywa chai, hamjagusa kopo, mikono imepoa, anapita kwa kila mmoja. Anayejaribu kupiga pushapu za kuibia nyuma ya jiwe, zamu yake inaahirishwa mpaka mbalamwezi nyingine.

Namba aliziandika kwa mkaa kwenye ukuta wa karakana, uliokuwa na plasta. Hakufuta hata moja. Ungeweza kusoma pale maisha ya mkono wa mtu: ishirini na tisa, thelathini na moja, thelathini na mbili, thelathini na mbili, thelathini na mbili na nusu. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa yeye mwenyewe. Alipimwa kabla ya wote, na aliyempima alikuwa yeyote aliyesimama karibu.

Mimi ukuta ule ndio ulionivuta. Sikuwa na haja sana na mwili. Nilikuwa na njaa ya takwimu, na hapa kulikuwa na mtu asiyejua neno takwimu akiwa na kumbukumbu za miaka mingi, zimepimwa saa ileile, kwa futi ileile, mikono imepoa. Nilisimama mbele ya plasta ile nikaona kitu ambacho tangazo lolote la unga wa misuli halitakuambia. Kila mtu alikwenda mbio mwanzoni. Halafu kila mtu, bila kujali alibeba kwa bidii gani, alianza kutembea. Halafu akaanza kutambaa.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Mgeni siku mbili," akasema, akiwa anafunga kamba za kiatu. "Mwaka wa kwanza mwili unakupokea kama mgeni. Unakuchinjia kuku. Kila unachofanya, unakujibu. Mwaka wa pili unakuwekea dagaa, unakwambia karibu, ndiyo nyumba ilivyo. Wa tatu unakupa jembe. Hapo unalima, na unavuna kiduchu kama sisi wote. Aliyekwambia kuna mwaka wa nne wa kuku anakuuzia kitu."

"Na wewe umeyajuaje haya?"

"Umesimama mbele ya ukuta unaniuliza nimejuaje?"

Kwa habari ya kula alikuwa na sheria ya kiganja. Kiganja cha dagaa wakavu, mara tatu kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva. Maziwa, ya mgando ukiyapata, nusu lita. Ugali kadiri tumbo linavyotaka. "Kiganja chako," alisisitiza, "si changu. Mwenye mwili mkubwa ana kiganja kikubwa. Mungu alishagawa vipimo." Aliwacheka sana watu wanaokula mayai kumi kwa mkupuo. "Matofali ukileta lori tatu na fundi ni mmoja, yatalala njiani. Unalisha choo, bwana. Choo chako kitakuwa na kifua."

Bila shaka sikukubali hivihivi. Nilikaa siku nne nikipima kiganja changu cha dagaa kwenye mzani mdogo wa jikoni wa dada yangu, nikatafuta kila chakula kina protini kiasi gani, nikajumlisha. Kwa mtu kama mimi, wa kilo sitini, ilikuja kama gramu mia kwa siku. Nikatafuta wataalamu wanapendekeza nini kwa mtu anayebeba vyuma. Wengi waliangukia humohumo, gramu moja na nusu au zaidi kidogo kwa kila kilo ya mwili, na kwamba ukizidisha sana ziada haigeuki msuli. Nilikasirika. Nilikuwa nimejiandaa kumshinda.

Nilipomwambia, hakufurahi wala hakushangaa. Alimwita Mama Neema, mama aliyekuwa akianika na kuuza dagaa kwenye kona ya karakana, na aliyejiona ana haki ya kuchangia kila jambo la mle ndani.

"Mama Neema, Chuo anasema wazungu wamekubali kiganja."

"Na mimi je, wamenikubali?" Mama Neema akadakia. "Hao vijana wako wote ni dagaa wangu wanatembea. Siku nikigoma, mtabeba vijiti vya kiberiti."

Sasa nisimfanye mtakatifu. Kocha huyohuyo aliyehesabu viganja vya wenzake alikunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, asubuhi na jioni, na ukimtazama kikombe anakitoa machoni pako kama amefumaniwa. Alihubiri mayai, mawili kwa siku, lakini yeye hakuyala. Alikuwa na kuku sita, na kila kuku alikuwa na jina. Nilimwona akimwambia jogoo "samahani" baada ya kumkanyaga. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akichinja hata mmoja. Kwa hiyo ule mfano wake wa mgeni na kuku ulikuwa wa mtu ambaye wageni wake walikula maharage.

Aliwaogopa waganga wa kila aina, wa hospitali na wa kienyeji, kwa usawa. Aliimba sauti ya nne katika kwaya, na akiwa anahesabu unavyosukuma angeweza kupotea katikati ya pambio, akahesabu "saba" mara mbili, na wewe ukalala pale chini ya bomba unatetemeka usithubutu kumkumbusha. Msimu wa kulima alifunga banda wiki tatu, akaenda kwao upande wa Usagara kulima na kutazama ng'ombe. Ukimwuliza kama mwili hautapungua, anasema jembe ndilo lililomzaa yeye, chuma ni mtoto wa kambo.

Na alikuwa mkali wa vipimo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu, nikiwahesabu na walimu wangu wa chuo. Ukivuta futi ikazidi nusu sentimita, anakusimamisha. "Futi haina shemeji," alikuwa akisema, yaani haipendelei mtu. Kumbuka hilo, kwa sababu linakuja kuuma.

Masanja ni mdogo wangu wa kufuatana. Mimi nilipopata maneno, yeye alipata mabega. Alianza kwa Kocha kabla yangu, na plasta ilikuwa inamsoma hivi: thelathini na moja, thelathini na tatu, thelathini na nne, thelathini na nne na nusu, thelathini na tano. Alikuwa ameshapita mwaka wa kuku na wa dagaa, ameshika jembe. Kazi yake ilikuwa kupakia mifuko kiwandani, na alikuwa ameichoka. Ndipo hoteli moja ya ufukweni, upande wa Ilemela, ikatafuta walinzi wa kusimama getini na suti nyeusi. Meneja alimzunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akamwambia: "Sura unayo, urefu upo. Rudi baada ya miezi mitatu, ukiwa na mwili."

Miezi mitatu. Masanja alikuja kwa Kocha akiwa na tarehe kichwani.

"Kocha, nataka mkono ufike arobaini."

"Utafika."

"Kwa miezi mitatu."

Kocha akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Masanja, mwanangu. Wewe una miaka zaidi ya miwili hapa. Kwa miezi mitatu, ukila vizuri, ukilala, ukimwomba Mungu, nitakupa nusu sentimita. Labda."

"Hainitoshi."

"Najua haikutoshi. Ndiyo iliyopo."

Masanja hakubishana. Alikwenda jimu ya mjini, yenye vioo pande zote na vyuma vya dukani, na huko akapata jamaa wa kumpa vichupa na sindano. Aliniambia mimi tu, tena kwa kujivuna. Nilimuuliza maswali yangu: kuna nini ndani, nani katengeneza, nani kapima, ini lako likigoma utamwambia nani. Akanijibu tusubiri tuone.

Baada ya wiki mbili akaja akaniwekea mkono begani. "Kaka. Wewe si mtu wa ushahidi?"

"Ndiyo."

"Kwa Kocha, nikilala benchi, sabini nasukuma mara nne, ya tano inanikatalia. Sahihi?"

Sahihi. Nilikuwa nikimshikia bomba mimi mwenyewe.

"Jana mjini nimesukuma themanini. Mara nne. Kilo kumi kwa wiki mbili. Haya, uliza maswali yako."

Nitakuwa mkweli, kwa kuwa tabia yangu ni kuhoji kila mtu, na mimi nimo: wazo la kwanza lililonijia halikuwa la kumwokoa mdogo wangu. Lilikuwa kwamba kumbe inafanya kazi, na mimi je? Mkono wangu ulikuwa thelathini na nusu. Nilikaa na wazo hilo siku nzima, nikiliona linazidi kunivutia.

Kilichonitoa humo ni ule ugonjwa wangu. Kilo kumi kwa wiki mbili zilikuwa nyingi mno, hata kwa sindano. Kesho yake nikaenda mjini, kwenye jimu ileile, bila sindano wala kichupa. Kwa Kocha mimi nilikuwa nikiishia arobaini. Pale nililala, nikaweka arobaini, ikapanda kama ufagio. Nikaweka arobaini na tano, ikapanda. Nikakaa kwenye benchi nikajitazama kwenye vile vioo, nikaelewa kwamba kati ya jimu mbili, moja inasema uongo.

Nilirudi Nyakato nikaazima kopo moja la ishirini, nikalibeba begani mpaka kwenye mashine ya kusaga, ambako mzani una muhuri wa wakaguzi. Msagaji akaniuliza kama nasaga zege. Mshale ukasimama kwenye ishirini na tatu. Nikarudi na kopo la kumi: kumi na moja na nusu. Nilipiga hesabu palepale kwenye vumbi la unga. Sabini ya Kocha ilikuwa themanini ya dunia. Masanja hakuwa ameongeza hata kilo moja.

Nilimkuta Kocha ameketi kwenye ndoo, na kikombe chake.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, Chuo. Umekula?"

"Haya makopo uliyapima wapi?"

Kikombe kikasimama njiani. "Mwaloni, samaki wanakoshushwa. Zamani, nilipokuwa mpagazi kule. Kwenye mzani wa mnunuzi wa samaki."

"Mzani upi?"

Akajibu akiwa anamtazama kuku. "Ule uliokuwa unakula."

Kila mtu aliyekulia kando ya ziwa amesikia habari za mizani inayokula. Mvuvi anapandisha samaki wa kilo ishirini na tatu, mshale unasimama kwenye ishirini. Mvuvi anajua, mpagazi anajua, mnunuzi ndiye anayejifanya hajui. Kocha alibeba makopo yake mwaloni kwa kuwa hakukuwa na mzani mwingine, akaandika ulichosema.

"Ulijua?"

"Nilijua siku ileile. Nikasema nitakuja kusahihisha. Halafu vijana wangu wakawa wakienda kubeba kwingine wanarudi wanacheka, wanasema Kocha, kule kwepesi. Nikaona basi, acha ikae. Mtu akitoka kwangu, aikute dunia nyepesi kidogo. Kama zawadi."

"Masanja ameikuta nyepesi," nikasema. "Akadhani ni sindano. Anaendelea nayo."

Sijawahi kumwona mtu akiweka kikombe chini taratibu vile. Hakujitetea. Nilitaka ajitetee, nilikuwa na hasira ya kutosha kwa mabishano ya saa nzima. Nilimwambia kwamba futi haina shemeji lakini kopo linaye. Nilimwambia kwamba zawadi yake ndiyo inayomchoma mdogo wangu. Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea mzigo.

Asubuhi iliyofuata nusu ya makopo yalikuwa juu ya mkokoteni, naye ameshika mipini.

"Unahama, au umefukuzwa?" Mama Neema akauliza.

"Naenda kuungama," akasema Kocha, akavuta.

Alikwenda mara mbili mpaka mashine ya kusaga, hakutaka mtu amsaidie kuvuta. Kisha akawaita watu wote, na Masanja niliyemleta kwa kumwambia tu kwamba Kocha anamhitaji. Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akasema, bila utangulizi: "Namba hizi nilidanganya. Nilijua nadanganya." Akaanza kuandika upya. Ishirini ikawa ishirini na tatu. Bomba lenyewe likaandikwa upya.

Wa kwanza kusema alikuwa Lukas. "Ngoja kwanza. Kwa hiyo mimi ile mia yangu..."

"Mia na kumi na tano."

"Miaka yote hii? Na mke wangu ananiita goigoi!"

Banda likalipuka. Watu walishikana mikono, wakapongezana. Mvuvi mmoja alitaka arudishiwe jasho lake la miaka mitatu. Katikati ya kelele hizo Masanja peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama makopo anayoyajua kwa mikwaruzo yake, yale yaliyofanya sabini yake, yakikauka na namba mpya zinazofika themanini.

"Lala," Kocha akamwambia.

Akalala. Akasukuma mara nne. Ya tano ikamkatalia, nikaipokea.

"Umesukuma ngapi?"

"Themanini."

"Kabla hujaanza hayo madawa yako, ulisukuma ngapi?"

Masanja alinitazama, akajua nimesema. "Sabini."

"Chuma ni kingine?"

"Ni hichohicho."

"Basi." Kocha akachuchumaa kando ya benchi, sauti imeshuka. "Usimkasirikie kaka yako. Mwongo ni mimi. Lakini kesho alfajiri uje hujala, nikupime."

Alikuja. Thelathini na tano, kama mara ya mwisho alipopimwa. Masanja aliniambia baadaye kwamba vichupa vilivyobaki amevimwaga chooni. Sikumwona akivimwaga, kwa hiyo naandika alichosema, siandiki kwamba ninajua. Wala sisemi kwamba sindano za namna hiyo hazifanyi kazi. Zipo zinazofanya, na ndiyo sababu ya kuziogopa. Ninachosema ni kwamba ushahidi wake haukuwa ushahidi, na bila ule ushahidi hakuwa na sababu ya kuendelea. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba jimu ya mjini hakurudi, na mkono wake uliendelea kutambaa kama mikono mingine yote pale ukutani.

Hotelini hakuchukuliwa. Walimchukua jamaa mrefu mwenye kitambi. Masanja akarudi kwenye mifuko yake kiwandani, na jioni kwenye makopo. Miaka miwili baadaye alikuwa na thelathini na sita kamili, na aliitangaza nyumbani kama mtu aliyefaulu mtihani wa taifa. Mama alimuuliza hizo thelathini na sita ni za nini.

Mwaka huu Kocha aliugua. Alikaa sana bila kwenda kwa wale waganga wa hospitali anaowaogopa, mpaka mke wake akampeleka kwa nguvu, akapasuliwa tumbo, akaenda kujiuguza kwao miezi mitano. Banda tuliendelea kulifungua wenyewe. Mbalamwezi ya sita ilipofika, tulijipanga alfajiri bila yeye, Masanja akiwa na futi, kwa kuwa siku hizi yeye ndiye anayepima.

Tulimwona akija polepole kando ya karakana, na fimbo, shati linampwaya. Mama Neema aliacha kuanika. "Mwangaluka," akamsalimu kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo kuliko nilivyowahi kumsikia.

Kocha akaitikia, akapita mstari mzima, akasimama mbele. Kwenye ukuta mwanzo wa orodha ni wake. Namba yake ya mwisho ilikuwa thelathini na sita. Akavua shati upande mmoja.

"Pima."

Masanja akazungusha futi. Mimi nilikuwa na mkaa, tayari kuandika. Niliuona mkono ule, ngozi imelegea kama soksi, na nikaiona namba kabla haijatamkwa, na najua Masanja aliiona. Alikawia. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya tarakimu, na kusogea kidogo tu kungetosha. Mimi, mtu wa ushahidi, nilimwombea asogeze.

"Usiipe shemeji," Kocha akasema, macho ameyafumba.

"Sijaipa."

"Ngapi?"

"Thelathini," Masanja akasema. Akaondoa kidole gumba. "Haifiki. Ishirini na tisa na nusu."

Karakana ilikuwa bado imefungwa, hata nyundo ya Lukas haikuwepo ya kutuokoa. Kocha akafumbua macho, akautazama mkono wake kwa udadisi kama anautazama wa mtu mwingine, akaubonyeza kwa kidole.

"Jana umekula nini?" Masanja akamuuliza.

Kocha akamtazama kwa mshangao. Kisha akatazama chini, kama walivyokuwa wakitazama chini wale wapakia mizigo. "Uji."

"Uji tu?"

"Na sukari."

"Vijiko vinne!" Mama Neema akapaza sauti kutoka kwenye kona yake, akawa ameshachota kiganja cha dagaa anakuja nacho.

Kocha akavaa shati, akaanza kucheka, mkono mmoja ameukandamiza tumboni pale alipopasuliwa. "Basi nimekuwa mgeni tena," alisema. "Nitachinjiwa kuku upya. Ila si wangu. Wangu msiwaguse."

Nilitaka kumuuliza kama ana ushahidi kwamba mwili wa mtu wa umri wake humpokea mara ya pili. Masanja alikuwa ananitazama. Nikageukia ukuta, nikaandika ishirini na tisa na nusu, na mbele yake nikaacha nafasi.